Gia na Cheni za Kigari cha Mchangani

Katika ukanda wa pwani unaoanzia Mikindani na kupita Mtwara mjini hadi Msimbati na maingilio ya mto Ruvuma, kinachoamua iwapo chombo kidogo cha magurudumu kitafika kinakokwenda ni mchanga, hata kabla ya umbali au mlima kufikiriwa. Ufukweni mchanga ni mweupe na umelegea. Kwenye Uwanda wa Makonde, kuelekea Tandahimba na Newala, udongo ni mwekundu wenye mchanga mwingi, na njia za mashamba ya mikorosho hufumuka wakati wa kiangazi hadi zikawa na vumbi zito linalomeza gurudumu. Na katika mabonde ya Ruvuma, ambako mpunga hulimwa, njia zilezile hugeuka matope mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo fundi anayekusudia kuunda kigari cha nje ya barabara, yaani chombo cha magurudumu manne chenye fremu ya mabomba, viti vya chini na injini nyuma ya dereva, anapaswa kuanza hesabu ya gia pale tairi linapogusa ardhi, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye injini. Anayeanza upande wa pili, akanunua injini na kuifungia cheni yoyote iliyokuja nayo, huwa anaagiza klachi mpya bila kujua.

Vigari vya namna hii vina asili ya Marekani, ambako mwaka 1956 Art Ingels wa California aliunda kimoja kilichoendeshwa kwa injini ndogo ya mashine ya kukatia nyasi, na mchezo wa kushindana navyo ukaenea duniani. Lakini vigari vya mashindano hukimbia juu ya lami, vina magurudumu madogo, na kwa kawaida vina hatua moja tu ya gia kati ya injini na ekseli, hivyo hesabu zake hazimfai fundi wa Mtwara. Kinachomfaa kipo karibu naye zaidi: ni bodaboda, bajaji, na lile gari la mizigo la magurudumu matatu liitwalo guta au toyo, ambavyo vipuri vyake huuzwa madukani na mafundi wake wako kila kona. Injini za pikipiki hizo huwa za sentimita za ujazo 125 hadi 150, zikiwa na klachi na giaboksi ndani yake, na nyingi za zile zilizotoka China zinafuata muundo wa Honda CG125, pikipiki iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1970 na ambayo vali zake husukumwa kwa vijiti vya chuma, muundo uliokusudiwa kuvumilia matunzo haba. Ni injini za kuaminika, ila msokoto wake ni mdogo, na hapo ndipo kazi ya gia inapoanzia.

Msokoto ni uwezo wa kuzungusha shafti, nao hupimwa kwa nyutonimita. Injini ya sentimita za ujazo 125 ya aina iliyotajwa hutoa takriban nyutonimita 9, kiasi ambacho hakiwezi kusogeza kigari chenye watu wawili hata kwenye sakafu ya saruji kama kingepelekwa moja kwa moja kwenye ekseli. Gia hubadilishana kasi kwa msokoto: shafti ikipunguziwa mizunguko mara tatu, msokoto wake huongezeka mara tatu, ukiondoa kiasi kidogo kinachopotea kwa msuguano. Katika injini ya pikipiki upunguzaji huo hutokea mara tatu, kwanza kati ya krenki na klachi, pili katika giaboksi, na tatu kati ya sproketi mbili, yaani magurudumu ya meno yanayounganishwa na cheni, moja dogo kwenye injini na jingine kubwa kwenye ekseli. Hatua mbili za kwanza zimefungiwa ndani ya injini na haziguswi. Ya tatu iko mikononi mwa fundi, na uwiano wake hupatikana kwa kugawanya idadi ya meno ya sproketi kubwa kwa meno ya sproketi ndogo, kiasi kwamba sproketi ya meno 42 ikiendeshwa na ya meno 15 uwiano ni 2.8.

Mfano wa hesabu utaonyesha jambo hili kwa ukamilifu. Ichukuliwe kwamba upunguzaji wa krenki na klachi ni 4.06, gia ya kwanza ni 2.77, gia ya tano ni 0.96, na sproketi ni za pikipiki bila kubadilishwa, 15 kwa 42. Upunguzaji wote katika gia ya kwanza utakuwa 4.06 mara 2.77 mara 2.8, ambao ni takriban 31.5; nyutonimita 9 zikizidishwa kwa kiasi hicho, na asilimia 15 ikaachwa kwa ajili ya msuguano, ekseli itapata karibu nyutonimita 241. Kigari kikivaa tairi za guta za ukubwa wa 5.00-12, zenye kipenyo cha karibu sentimita 56, msokoto huo utasukuma ardhi kwa nguvu ya nyutoni 860 hivi. Kwa upande wa mzigo, kigari cha kilo 180 kikibeba watu wawili wa kilo 140 kwa pamoja kina uzito wa nyutoni 3,140. Ukinzani wa kuviringika, yaani nguvu ambayo kwayo ardhi hulirudisha nyuma gurudumu, huwa chini ya asilimia mbili ya uzito kwenye lami nzuri, lakini kwenye mchanga uliolegea hufika sehemu moja ya tano na hata kuzidi. Hiyo ni nyutoni 628. Mwinuko wa mita 10 katika kila mita 100, ambao si jambo la ajabu kwenye tuta la ufukweni, huongeza nyutoni 314, na jumla ikawa karibu 940. Injini ina 860. Kigari hakitapanda, na dereva atakayeng'ang'ania kwa kuachia klachi nusu nusu ataichoma kabla hajafika juu.

Upungufu huo unaonekana mdogo, asilimia 10 tu, na mtu anaweza kudhani kwamba kuongeza uwiano kwa kiasi hichohicho kunatosha. Hakutoshi, kwa sababu kuondoka mahali tairi lilipokwishazama kunataka nguvu zaidi ya kuendelea na mwendo. Sproketi ya ekseli ikiwa na meno 50 na ya injini 14, uwiano unapanda hadi 3.57 na nguvu ya kusukuma ardhi inafika karibu nyutoni 1,100. Gharama yake ni kasi: injini ikizunguka mara 7,500 kwa dakika katika gia ya tano, kigari kitakwenda takriban kilomita 57 kwa saa badala ya 73, na kwa chombo cha fremu ya mabomba kisicho na paa hata hizo 57 ni nyingi mno.

Je, uwiano uongezwe hadi wapi? Hapa ndipo ardhi inapotoa hukumu yake, kwa maana tairi halina uwezo wa kusukuma bila kikomo. Ikiwa magurudumu ya nyuma yanabeba asilimia 65 ya uzito wote, na mchanga unashika kwa nusu ya uzito huo, jambo linalowezekana tairi zikipunguzwa upepo ili zitandazike, basi nguvu kubwa kuliko zote inayoweza kufika ardhini ni kama nyutoni 1,020. Ikizidi hapo, tairi huchimba shimo lake lenyewe. Kwa hiyo uwiano wa 3.57 tayari umeuvuka kidogo mpaka wa mshiko, na kuongeza meno mengine kumi nyuma hakutaleta chochote isipokuwa kelele. Kipimo sahihi cha gia ya kwanza kwa kigari cha mchangani ni kwamba tairi lianze kuteleza kabla injini haijalemewa: likiteleza, dereva hupunguza mafuta na kujaribu upya bila hasara, lakini injini ikilemewa kwanza, klachi ndiyo inayolipa. Fundi akikubali kanuni hiyo moja, maamuzi mengine yote yatafuata kwa urahisi.

Zipo njia mbili za kufikia uwiano uleule, na hazina thamani sawa. Kupunguza meno ya sproketi ya injini ni rahisi na bei yake ni ndogo, kwani 12 kwa 43 hutoa 3.58, karibu sawa na 14 kwa 50. Lakini cheni haizunguki katika duara kamili. Inazunguka katika umbo la pembe nyingi, ambapo kila pingili hunyooka na kupinda kwa ghafla, na kadiri meno yanavyopungua ndivyo pembe zinavyokuwa kali. Kwenye meno 15 kasi ya cheni hupanda na kushuka kwa asilimia 2.2 katika kila jino, na kwenye meno 12 kwa asilimia 3.4, mtikisiko ambao hula pini na beringi za giaboksi. Zaidi ya hayo, sproketi ndogo huvuta cheni kwa nguvu kubwa zaidi kwa msokoto uleule: katika mfano huu sproketi ya meno 14 huivuta kwa karibu nyutoni 3,300 na ile ya meno 12 kwa 3,800. Kwa kigari kizito kuliko pikipiki, kuongeza meno ya nyuma ni bora kuliko kupunguza ya mbele, na sproketi ya injini isishuke chini ya meno 13 pasipo lazima.

Sproketi kubwa nayo ina shida yake, ambayo huonekana tu chombo kinapokwenda porini. Sproketi ya meno 50 kwa cheni ya kawaida ya bodaboda ina kipenyo cha sentimita 20. Ikifungwa kwenye ekseli yenye tairi za guta, cheni itapita sentimita 17 hivi juu ya ardhi, nafasi inayotosha. Kuna wanaotumia tairi za bajaji za 4.00-8, ambazo kipenyo chake ni karibu sentimita 41.5 tu, na ni lazima isemwe kwamba kihesabu wana hoja nzuri, kwa kuwa tairi dogo lenyewe hufanya kazi ya gia: sproketi za pikipiki zisizobadilishwa, 15 kwa 42, zitaipa ardhi nyutoni 1,160 bila senti moja kutumika. Hata hivyo tairi dogo jembamba huzama zaidi, ukinzani wa mchanga ukapanda, na sehemu ya faida ile ikaishia humohumo. Ekseli nayo hushuka, ikakokotwa juu ya mgongo wa mchanga ulioachwa katikati na magari makubwa. Kwa barabara ngumu ya changarawe tairi la bajaji linafaa. Kwa Msimbati halifai.

Pale ambapo sproketi kubwa haipatikani au haipati nafasi, upunguzaji hugawanywa mara mbili kwa kuweka shafti ya kati, yaani shafti fupi inayokaa kwenye beringi mbili baina ya injini na ekseli, ikipokea cheni moja na kutoa nyingine. Hatua ya kwanza ya 15 kwa 27 na ya pili ya 15 kwa 30 huzaa 3.6, na hakuna sproketi inayozidi sentimita 13 kwa kipenyo. Kila hatua hupoteza asilimia mbili au tatu ya nguvu na huongeza cheni ya kutunzwa, lakini shafti ya kati humpa fundi uhuru wa kuipanga injini mahali panapofaa uzito. Kuchonga shafti kunataka mashine ya kuchongea vyuma na mtu anayejua kuweka beringi katika mstari mmoja, kazi ambayo fundi asiye na zana anashauriwa kuipeleka kwenye karakana yenye mashine hiyo, kama zile zinazofundishia ufundi huo chini ya mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA.

Cheni inayotumika katika vyombo hivi ni cheni ya rola, ambayo Hans Renold aliisajili kwa hataza mwaka 1880 huko Manchester, na ambayo muundo wake haujabadilika sana tangu hapo: pini hupita ndani ya bushi, rola huzunguka juu ya bushi, na sahani za pembeni hushikilia vyote. Ukubwa wake hutajwa kwa namba iliyogongwa kwenye sahani. Tarakimu ya kwanza hueleza hatua, ambayo ni umbali kati ya kitovu cha pini moja na kingine, kwa kuhesabu sehemu za nane za inchi. Hivyo 420 na 428 zote zina hatua ya milimita 12.7, na 520 ina milimita 15.875. Tarakimu mbili zinazofuata huhusu upana wa ndani, ambao ni milimita 6.35 kwa 420 na 7.94 kwa 428. Bodaboda nyingi hutumia 428, ambayo hukatika kwa nguvu ya karibu nyutoni 17,000, mara tano ya ule mvuto wa nyutoni 3,300, na akiba hiyo si anasa, kwa sababu kuachia klachi kwa ghafla au tairi kutua baada ya kuruka kunaweza kuuzidisha mvuto mara mbili au tatu. Cheni ya 420 huonekana ya bei nafuu, lakini haiingii kwenye sproketi ya 428, na ya 428 ikivalishwa sproketi ya 420 itayumba na kula meno upande mmoja. Ya 520 ni nzito kuliko injini ya 125 inavyohitaji. Chaguo sahihi ni 428 yenye herufi H, inayoashiria sahani nene zaidi.

Hatari iliyojificha ni kuchanganya vipuri vya pikipiki na vya mitambo ya viwandani. Cheni ya viwandani namba 40 ina hatua ileile ya milimita 12.7 na upana uleule, hivyo machoni inafanana kabisa na 428, lakini rola yake ina kipenyo cha milimita 7.92 na ile ya 428 ina 8.51. Sproketi iliyochongwa kwa ajili ya namba 40 haitaipokea 428 hadi chini ya jino. Cheni itapanda juu, na siku ya mzigo itaruka. Cheni ya viwandani ya vipimo vya Ulaya, 08B, ina rola ya 8.51, na sproketi zake huendana na 428. Anayenunua sproketi iliyotumika aende dukani na kipande cha cheni yake mkononi.

Kuhusu urefu, itoshe kusema kwamba idadi ya pingili lazima igawanyike kwa mbili, kwa kuwa pingili nyembamba na pana hupokezana, na nusu pingili inayouzwa kuziba pengo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Kwa sproketi za 14 na 50 zilizoachana sentimita 50, cheni ya pingili 112 inatosha. Sproketi zote mbili zikae katika mstari mmoja, jambo linalopimwa kwa rula ndefu ya chuma, na cheni iachiwe mchezo wa sentimita mbili hadi tatu katikati, kipimo kikichukuliwa watu wakiwa wamekaa kwenye viti.

Lakini cheni ya Mtwara haifi kwa kukatika. Inakufa kwa kusagwa. Sehemu kubwa ya mchanga huu ni kwatzi, madini yaliyo daraja la 7 katika kipimo cha ugumu cha Mohs na yanayoshinda chuma cha kawaida kwa mbali. Historia ya Tanganyika inalo somo la gharama kubwa juu ya madini hayo: Mradi wa Karanga ulioanzishwa na Uingereza mwaka 1947, ambao ndio uliosababisha bandari ya kina kirefu ya Mtwara kujengwa, ulikwama huko Kongwa kwa sababu kadhaa, na mojawapo ilikuwa udongo wenye chembe kali za kwatzi uliokula vyuma vya majembe ya trekta. Chembe hizohizo zikiingia kati ya pini na bushi hupunguza chuma kidogo kidogo, na cheni hurefuka, si kwa kuvutika bali kwa kulika. Mazoea ya kuipaka cheni oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini yanaharakisha uharibifu huo, kwa kuwa oili nzito hunasa mchanga na kuushikilia pale pabaya kuliko pote. Ni afadhali cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi, ikaushwe, ipakwe oili safi nyepesi kiasi, iachwe mpaka iingie ndani, kisha ifutwe kwa kitambaa mpaka nje iwe karibu kavu. Anayemudu cheni yenye ringi za mpira kati ya sahani anunue hiyo, kwani ringi hufungia grisi ndani na kuzuia mchanga nje. Hiyo isiguswe kwa petroli, inayoharibu mpira. Baada ya safari ya ufukweni, maji baridi yasiyo na chumvi yatangulie kabla ya mafuta yoyote.

Uchakavu hupimwa kwa rula, haukisiwi kwa jicho. Hatua 20 za cheni mpya ya 428 zina urefu wa milimita 254. Zikifika 259 cheni imekwisha, na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja nayo, kwa sababu meno yaliyolika na kupinda kama ndoano huiharibu cheni mpya kwa muda mfupi.

Kigari kilichokamilika hakina ruhusa ya kwenda kila mahali. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka chombo cha moto kisajiliwe ndipo kitumike barabarani, na fukwe za Msimbati zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ambako kasa hutaga mayai mchangani. Tairi likipita juu ya kiota huushindilia mchanga ambao vifaranga wanapaswa kuupenya. Mahali pa kigari ni shamba la mwenyewe au uwanja ulioombewa ruhusa. Na kabla ya injini kuwashwa kwa mara ya kwanza, hata kwa majaribio ya dakika moja karakanani, kila fundi anaombwa achomelee kwanza kifuniko cha bati gumu juu ya cheni na sproketi ya mbele, kwa sababu cheni inayovutwa kwa nyutoni 3,300 hupita mgongoni mwa dereva, karibu na nguo na vidole vya watoto waliokuja kutazama.